Unatengeneza chujio la maji la mchanga na mkaa? Soma hii kwanza

Mdogo wangu unaehangaika na ndoo, mchanga na mkaa ili watu wa kijijini kwenu wanywe maji ya maana, kwanza hongera sana, kazi hiyo naifanya huku Chamwino na najua inavyochosha. Nina moja tu la kukwambia, usidanganyike na maji kuwa meupe.

Kiangazi lambo likibaki tope, unatwanga mbegu kavu za mlonge, unakoroga kwenye ndoo taratibu, unaacha saa moja mbili, yani unaliona kabisa tope linajikusanya mabongemabonge linashuka chini na watu wanataka kunywa palepale. Bado! Vijidudu vimo. Hayo ndo unayapitisha kwenye mchanga, na mchanga wa korongo uuoshe mpaka maji yake yatoke safi, kokoto chini mchanga laini juu, halafu mdomo wa paipu ya kutolea uishie kama sentimita 5 juu ya usawa wa mchanga ili usikauke kamwe. Pale juu panaota utando wa viumbe wadogo wanaokula vijidudu, unachukua wiki 2 mpaka 4 kukomaa, sasa ukiosha mchanga wote kila wiki eti usafi, unamfukuza fundi mwenyewe.

Halafu kuna floraidi, aina ya madini yanayoyeyuka kwenye maji. Sisi wa kanda ya kati, Singida na baadhi ya visima vya Dodoma, imo kwenye maji ya ardhini, huioni wala huinusi, unakuja kuiona kwenye meno ya watoto yanavyokuwa ya kahawia. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mchanga hauitoi, mkaa wa kuni hauitoi, unaoipunguza ni mkaa wa mifupa, na kule Ngurdoto Arusha wameufanyia utafiti miaka mingi. Chumvi ya kisimani nayo haitoki kwa mchanga, mteja akikuuliza mwambie ukweli huohuo.

Dk. Askwar Hilonga, yule Mtanzania aliyeshinda Africa Prize, tuzo ya ubunifu wa kihandisi Afrika, mwaka 2015, chujio lake la mchanga na nanoteknolojia (teknolojia ya chembe ndogo mno) linarekebishwa kufuata uchafu wa maji ya eneo husika, na mimi naona hapo ndo penye akili yote. Kwahiyo pima kwanza. Chukua sampuli mbili, kabla ya kuchuja na baada, chupa safi, zifike maabara ya maji siku hiyohiyo zikiwa kwenye barafu. Majibu yasipotoka usiuze hata moja, na wale unaowajaribishia waambie waendelee kuchemsha.