Bati la vidonge bado ninalo

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nitaandika na kufuta mpaka usiku wa manane.

Ujumbe wako wa Alhamisi nimeusoma mara nne. Umeniambia daktari wa huko Kampala alikaa nawe saa nzima na nusu, ukamweleza yote: kodi uliyolipa mara mbili Machi, halafu Aprili ukaisahau kabisa mpaka mwenye nyumba akaja kugonga, sufuria tatu ulizounguza ndani ya mwezi mmoja, barua ya onyo kazini. Mwisho akakwambia ni ile ile ADHD ya utotoni, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kumaliza jambo, haikuondoka, na kwamba ukitaka unaweza kuzirudia dawa. Ukaniuliza, "Mama, nizirudie?"

Halafu chini, kama jambo dogo tu, ukaongeza: "Kwani yule daktari wa Nairobi si alisema nimepona?" Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kusoma.

Daktari wa Nairobi hakusema hivyo. Nilisema mimi.

Ngoja nianze mbali kidogo. Mwaka 2002 ulikuwa darasa la tano, bado tunakaa kota za reli. Kila ripoti ya shule ilikuja na maneno yale yale: ana akili lakini hatulii, ana akili lakini hamalizi. Mimi nilikuwa nakuchapa, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilidhani mtoto anayejua jibu na halimalizi ananidharau. Mjomba wako ndiye aliyesema tukupeleke Nairobi. Yule daktari wa watoto hakukugusa hata kwa kipimo kwanza, aliongea nawe tu habari za mabehewa. Halafu akanieleza. Alisema kwenye ubongo kuna kemikali zinazopeleka habari, mojawapo inaitwa dopamini, na kwamba dawa hii, methilifenideti, huzifanya zibaki kazini muda mrefu zaidi kabla hazijarudishwa. Mimi nikaelewa kwa njia ya fundi: cherehani nzima, sindano nzima, kitambaa kizuri, lakini uzi wa juu na wa chini haujakazwa sawa, basi mshono unaruka. Hata umchape fundi, mshono utaruka.

Akaniambia na kisa ambacho sijakisahau. Kwamba aliyeitengeneza, Leandro Panizzon, mwaka 1944 huko Uswisi, alikuwa na mke aitwaye Marguerite, wa nyumbani wakimwita Rita, na Rita alikuwa akiimeza kabla ya kwenda kucheza tenisi. Ndiyo maana ikaitwa Ritalin. Watu wanapokwambia ni dawa ya watoto watundu, kumbuka ina jina la mwanamke mtu mzima, mke wa mtu.

Vidonge vilikuwa vya miligramu 10. Nusu kwa wiki ya kwanza, kisha kimoja asubuhi na kimoja mchana, kwa kuwa kila kimoja kinafanya kazi masaa manne hivi halafu kinakwisha. Mjomba wako alivileta kupitia mpaka wa Malaba, na barua ya daktari mfukoni kila safari, kwa sababu ni dawa inayodhibitiwa, haiuzwi ovyo. Mama mmoja pale kota akaisikia habari hiyo akaanza kusema nakulisha madawa ya kulevya. Nilimjibu: dawa ni ya anayeimeza, wewe umeimeza lini? Nililisema neno hilo kwa ujasiri mwaka ule. Nililiamini, na hadi leo naliamini.

Sasa nikuambie siku moja ambayo labda wewe huikumbuki. Ilikuwa Januari 2003, nina oda ya mashati ya sare kabla shule hazijafunguliwa. Kabla ya dawa, nikikupa vifungo ulishona viwili, halafu nakukuta kwenye reli unahesabu mabehewa, sindano umeichomeka kifuani mwa gauni. Siku ile umekunywa chai, umemeza kidonge, ukakaa kwenye mkeka pale mlangoni. Ulipaka uzi nta ya mshumaa. Ukaupitisha tundu la kwanza, ukavuka kwenda la pili upande wa pili, ukarudi, ukauzungusha shingoni mwa kifungo mara tatu kama nilivyokufundisha tangu una miaka saba, ukafunga fundo kwa nyuma, ukakata kwa meno. Kifungo cha sita kilipoisha ukaliweka shati pembeni ukachukua jingine. Treni ya mizigo ilipita. Mwanangu, treni ya mizigo ilipita na hukuinua kichwa! Mguu wangu ukasimama kwenye kanyagio, nikawa nakutazama tu.

Mashati manne, vifungo 24. Ulipomaliza la nne ukaniambia, "Mama, kichwa kimenyamaza." Ukalisema taratibu, kama mtu anayeogopa kukiamsha.

Nimekuwa na furaha nyingi maishani, alhamdulillahi. Ile sijui niiweke wapi.

Lakini sitaki kukuonyesha upande mmoja tu wa kitambaa. Mchana ulikuwa huli. Ugali na maharage vinapoa mbele yako unavitazama, halafu saa mbili usiku njaa inakuja kama umetoka kufunga, unakula ugali wa baridi umesimama jikoni. Ulipungua kilo mbili. Kimo kiliendelea, ninajua kwa sababu nilikuwa nakuchora chaki kwenye fremu ya mlango. Usingizi ulichelewa. Na baba yako, Mungu amrehemu, akiwa ametoka zamu ya usiku, alikaa akakusikiliza, akasema, "Mbona haimbi?" Maana wewe ulikuwa unaimba tangu unaamka, nusu ya wimbo huu na nusu ya ule. Nikamwambia masomo yamepanda, umekuwa wa tano darasani. Akasema, "Nimesikia. Lakini mbona haimbi?" Daktari tulipomweleza akapunguza cha mchana kuwa nusu, na kuimba kukarudi, si kama zamani lakini kukarudi. Ina maana ilikuwa inarekebishika. Nalitilia mkazo hilo, kwa sababu baadaye nilijifanya kulisahau.

Februari 2004 tukakupeleka bweni kwa darasa la saba. Unalikumbuka sanduku lile jeusi la bati, na kufuli lake, na jina lako kwa rangi nyeupe. Pale getini kulikuwa na mstari wa wasichana na wazazi wao, matroni anafungua kila sanduku anakagua. La kwako akapekua: sabuni, sukari, daftari, karatasi za chooni, akafika kwenye bati dogo la vidonge. Akalitikisa. Nilikuwa nimeandaa barua ya daktari, iko kwenye mkoba, ndani ya bahasha. Kabla sijaitoa akauliza kwa sauti, "Hizi za nani? Nani hapa ni wa kupelekwa Butabika?" Yaani hospitali ya wagonjwa wa akili. Watu wakacheka. Si wote, lakini walicheka. Wewe ulikuwa umeshika mkono wa kanzu yangu, na nikahisi vidole vikiachia kimoja kimoja.

Nikasema ni vyangu. Nikasema ni vya presha, vimeingia humo kwa makosa. Nikachukua bati, nikalitia mkobani juu ya barua ile ya daktari.

Ukaniangalia. Hukusema kitu. Tulipofika kivulini nikakwambia daktari amepiga simu, umepona, huhitaji tena. Ukasema, "Kweli, Mama?" Nikasema kweli.

Nimejitetea miaka zaidi ya 20. Nimejiambia bweni lile halikuwa na mtu wa kukupa kidonge cha mchana, na ni kweli halikuwa naye. Nimejiambia ni kilo zile mbili. Nimejiambia baba yako alitaka kukusikia ukiimba. Yote hayo yalikuwepo, na hakuna hata moja lililonifunga mdomo pale getini. Ilikuwa aibu. Barua nilikuwa nayo! Ningeweza kumpa yule matroni, nikaomba kuonana na mwalimu mkuu, nikadai vidonge vikae kwa nesi wa shule. Au hapana, labda wangenikatalia, labda wangekuita majina mwaka mzima, labda nilikuokoa. Unaona? Hata sasa ninaandika ninajitetea. Niache.

Ile kanuni yangu ya dawa ni ya anayeimeza, niliwapa majirani. Wewe mwenye kuimeza sikukuuliza. Ulikuwa na miaka 11 na ungeweza kujibu, maana ndiye uliyeniambia kichwa kimenyamaza.

Kisha mtihani wa kumaliza msingi ukapata daraja la pili, wakati walimu walitarajia la kwanza, na nilikusikia chumbani unamwambia dada yako kwamba wewe ni mvivu. Uliendelea kujiita hivyo sekondari, na chuoni, na hata kwenye ujumbe wa Alhamisi umeandika "labda ni uvivu tu." Kila uliposema hivyo nilikuwa na neno la kukutoa humo, nikalimeza. Si uvivu. Haukuwa uvivu. Mtu mvivu hashoni vifungo 24.

Basi, kuhusu swali lako.

Kuna mambo ambayo daktari lazima ayajue kutoka kwangu. Baba yako aliondoka kwa presha, na babu yako mzaa baba alianguka ghafla shambani kabla hajafika 60. Dawa hii huweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo mwambie hayo kabla hajaandika chochote, akupime, na akupime tena baada ya kuanza. Usimfiche kwa kuona ni habari za wazee. Pili, Ramadhani. Kama atakupa za kumeza mara mbili kwa siku, muulize mapema utafanyaje ukifunga. Kuna za kutoa dawa polepole ambazo mtu humeza mara moja asubuhi, na kuna nyingine kabisa zisizo za jamii hiyo, kama atomoksetini. Usijipangie mwenyewe. Tatu, kama wewe na mume wako mna nia ya mtoto, hilo nalo mwambie. Na hesabu gharama ya miezi sita, si ya mwezi mmoja, na mahali zinapopatikana, kwa sababu nakumbuka tulivyohangaika mjomba wako alipokosa likizo na bati likabaki na vidonge vitatu.

Na ule mchana wa bila kula, sasa una jiko lako. Kula kabla hujameza.

Ukiniuliza mimi ninaona nini, mkono wangu unataka kuandika neno moja hapa, na unalijua. Nimeliandika kwenye karatasi nyingine nikaichana. Mwaka ule nilikuamulia kwa kukuondolea. Siwezi leo kukuamulia kwa kukurudishia, hata kama... Dawa ni ya anayeimeza. Ukianza na ukaona wimbo umekwisha, sema, kipimo kitapunguzwa, si mwisho wa dunia. Ukiamua usizimeze, bado barua hii ni kweli na bado hukuwa mvivu. Lakini ukianza, nipigie jioni ya siku ya kwanza uniambie kichwa kikoje. Hilo naomba kama haki yangu, ingawa sijui kama ninayo.

Umesema daktari anataka ushahidi wa tabia zako kabla ya miaka 12. Nimezikusanya ripoti zote kuanzia darasa la pili hadi la saba, zile za "ana akili lakini", na barua ya daktari wa Nairobi, ile ile iliyokuwa mkobani, bado iko kwenye bahasha yake. Nimezifunga kwenye shati jeupe. Ni la nne katika yale manne. Kola ilipinda, kosa langu, sikuliuza. Vifungo vyote sita bado vimeshika.

Bati limebaki hapa, ninaweka vifungo vya magauni ya gomesi.

Mzigo nampa dereva wa teksi ya kesho, anaondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi. Mpigie kabla hajafika paki, namba nitakutumia kwenye simu. Weka kengele, mwanangu, mbili, usije ukasahau.

Mama yako