Panya "ametolewa dopamini": ametiliwa ama kanyang'anywa?

Kijana mmoja wa Kisauni anayesomea mambo ya maabara ameniletea swali, ameambiwa aandike kwa Kiswahili ripoti ya majaribio ya panya waliodungwa dawa inaitwa kwinpiroli, naye kaandika hivi: "Vipokezi vya ubongo vilitoa dopamini kidogo." Dopamini ni kemikali ambayo seli za ubongo hupashana habari kwayo. Anauliza kama sentensi iko sawa, ama aseme vilizuia dopamini, na risepta, yaani kile kidude cha kwenye seli kinachoipokea kemikali, ni kipokezi ama mpokezi.

La mwisho ni jepesi, tulimalize. Mpokezi ni mtu, yule anayekungoja steni na mizigo yako. Kitu ni kipokezi, vipokezi.

Sasa hii "toa" ndio kasheshe. Nimeisoma hio sentensi kwa sauti, mke wangu yuko pale akuna nazi, akaniuliza "imetiwa ama imeondolewa?" Na ana haki, manake toa mwiba ni kuuondoa, toa jasho ni kulimwaga nje, neno ni lilelile moja. Kwenye ubongo yote mawili yapo, seli ya neva inaimwaga dopamini nje halafu seli hiohio inaivuta ndani tena, sasa ukisema imetolewa mimi nitajuaje ni safari gani? Mimi nasema "mwaga" ama "achilia". Wako watakaosema kumwaga ni kupoteza, sawa, lakini damu yamwagika na jasho tunamwaga na hakuna anayelalamika.

Kosa kubwa zaidi liko kwa mtendaji lakini. Kipokezi hakimwagi kitu bwana, anayemwaga ni seli. We fikiria lile tangi la maji juu ya dari, ndani mna boya, maji yakipanda boya lapanda nalo linafunga mfereji. Boya halileti maji wala haliyamalizi, linauambia mfereji basi. Ile seli inayomwaga dopamini ina vipokezi vyake mwenyewe kwenye ngozi yake, vinaitwa D2, dopamini ikijaa nje inavigusa na seli inapunguza kumwaga. Kwinpiroli inajifanya dopamini, yaani ni kama mtu ameliinua boya kwa mkono na tangi halijajaa. Watafiti wanaingiza kamrija kembamba ndani ya ubongo wa panya, wanapitisha maji ya chumvi polepole, yakitoka wanapima, na kweli dopamini imepungua.

Ndio maana "kuzuia" peke yake ni mtego. Kuzuia nini? Ukikizuia kipokezi chenyewe, dopamini inazidi, haipungui! Ni sawa na kulifunga boya kamba chini, maji yatakumwagikia hadi barazani. Dawa ya yohimbini inafanya hivohivo kwa noradrenalini, kemikali nyingine ya neva, inaziba vipokezi vya alfa-2 ambavyo ndio boya lake, na neva zinamwaga zaidi. Hata hii kahawa chungu tunayokunywa jioni, kafeini yake inaziba vipokezi vya adenosini, kemikali nyingine ya mwili, ambavyo kazi yake moja ni kuzituliza seli zisimwage sana, basi watu wakiongea mpaka saa sita usiku usishangae. Kwa hivyo kama wataka neno la jumla la kazi ya kipokezi andika "kudhibiti", hilo lachukua kupanda na kushuka, na "kuzuia" uliweke pale tu unapotaja kimezuiwa nini.

Na hiyo "kidogo" pia, kidogo ni tone ama ni kuliko kawaida? Mimi ningeandika: "Kwinpiroli iliamsha vipokezi vya D2, seli za neva za panya zikamwaga dopamini pungufu kuliko kabla ya dawa." Ndefu kidogo, najua, lakini nimemsomea tena mke wangu na safari hii hakuuliza kitu, aliendelea na nazi yake.