Namna ya kuitazama The Godfather Part II bila kupotea njiani

Saa tatu na dakika ishirini si mchezo, lakini wengi wanaoiacha katikati filamu hii ya 1974 hawashindwi na urefu. Hawajui tu nani anamwinda Michael Corleone, mkuu wa familia ya mafia.

Rudia kwanza ile ya 1972, hata kama uliiona zamani. Shika mawili: Fredo alirukwa, mdogo wake Michael akakabidhiwa familia, na Moe Greene, bwana wa kasino za Las Vegas, alipigwa risasi jichoni. Ukimsahau Greene, maneno ya Hyman Roth, mshirika mzee wa Michael katika biashara, kule Havana yatakupita, na humo ndimo chuki yake ilimo.

Jaribu nakala yako mapema. Karibu na mwanzo kuna maziko Sicily, mwaka 1901, na sehemu kubwa ya maisha ya Vito, baba yake Michael (Robert De Niro), inazungumzwa Kisisilia. Mama yake Vito akimlilia Don Ciccio, bosi wa mafia wa kijijini, na maandishi hayatokei chini, simamisha ukatafute faili la tafsiri. Nakala zenye sauti ya DJ zina raha yake, ila hapa zitafunika ukimya ambao De Niro anauigiza.

Zima taa, lakini usipandishe mwangaza wa runinga. Mpiga picha Gordon Willis aliviacha vyumba vya Michael gizani makusudi. Ukiongeza mwanga, weusi unageuka kijivu na picha inapauka.

Sasa fundo lenyewe. Baada ya Michael kushambuliwa nyumbani kwake Tahoe, anamwambia Roth kwamba mhusika ni Pentangeli, mtu wa familia huko New York, kisha anamwambia Pentangeli kwamba ni Roth. Kwa Pentangeli anasema kweli. Halafu baa ya New York: Pentangeli anakabwa kwa kamba huku akipewa salamu za Michael, askari anaingia, Pentangeli anapona, naye anaamini Michael kamgeuka. Bila tukio hilo, mahojiano ya Seneti hayaeleweki.

Fredo naye anakana kumjua Johnny Ola, mtu wa Roth. Usiku ule wa maonyesho Havana ulimi unamteleza. Usitazame jukwaa, mtazame Michael.

Ukihitaji kupumzika, subiri Vito amalizane na Fanucci, mnyang'anyi wa mtaani, arudi kumpakata Michael mchanga. Mapumziko ya ukumbini yaliwekwa hapo.

Lile toleo la televisheni la 1977, lililopanga matukio kwa mfuatano wa miaka, liache kwa baadaye. Linamtenga baba na mwana, na filamu hii imejengwa kwa kuwaweka bega kwa bega.