Binti wa form three anataka simu: niliyoyaona nikisomesha Wete

Assalaam alaykum. Dada yangu mleta uzi, umeuliza: binti yako yuko form three hapo Chake Chake, Pemba, skuli simu ni marufuku, mwenyewe anasema wenzake wote wanasomea kwenye magrupu ya WhatsApp, na baba yake ameshasema simu ni baada ya form four. Umnunulie au umngojeshe? Waliotangulia kujibu wamegawana, wengine "mpe", wengine "usithubutu". Mimi nasomesha Biolojia sekondari huku Wete, huu mwaka wa kumi na mbili, na nina watoto wangu nyumbani, kwa hiyo suali lako nimeishi nalo.

Nianze na hilo la "wenzake wote". Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu nani ana simu yake mwenyewe. Mikono haikufika kumi, na wa kike alikuwa mmoja. Nikauliza tena, nani jana usiku ameshika simu? Ilinyooka karibu yote. Huku kwetu simu ya mwanafunzi mara nyingi ni simu ya nyumba. Mchana mama anayo sokoni au mwanini, usiku baada ya isha ndipo inapobaki mkekani, na bando limeshakuwa kiduchu. Hapo ndipo mtoto wa kike anapoipata, mama yupo ubavuni. Wa kiume ana njia nyingi zaidi: simu ya kaka, maskani, kibanda cha gemu. Wanaume ndio wanaojua kuhamisha filamu na kuzirudishia uhai simu zilizokufa. Lakini nilipoanza kutoa kazi za kufanywa kwa simu, wa kike ndio waliokuwa wakizirudisha, na nadhani ni kwa sababu dakika zao zinahesabika.

Kazi hizo zilianza skuli zilipofungwa kwa korona, Machi 2020. Vipindi vya redio na televisheni vilikuwepo na vilisaidia, ila redio huwezi kuiuliza. Nikaunda grupu la form two, wengi wao kwa namba za mama zao. Wiki ya kwanza nilikosea: nilipiga picha kurasa za kitabu na kuzituma. Picha zikala bando la watu, na Kiingereza kilikuwa kile kile ambacho hata darasani hawakifahamu. Hakuna aliyejibu. Wiki ya pili nikaacha picha, nikatuma sauti ya dakika mbili, kwa Kiswahili, na istilahi za Kiingereza nikizitaja polepole mwishoni kwa sababu ndizo watakazozikuta kwenye mtihani. Kisha nikataka kila mtu anijibu kwa sauti yake, anieleze kwa mfano wa nyumbani kwao.

Somo lilikuwa osmosisi. Binti mmoja, ambaye darasani sikuwahi kumuona akinyoosha mkono, alituma sauti usiku, nyuma yake unasikia mtoto mchanga analia. Akasema: "Mwalimu, mama akimpaka papa chumvi usiku kumfanya ng'onda, asubuhi tunakuta maji kwenye beseni na hakuna aliyetia maji. Yametoka ndani ya papa. Chumvi ni nyingi nje, maji yanaifuata." Akaendelea mpaka akafika kwenye utando laini wa seli unaopitisha maji na kuzuia vyengine. Nilikaa kimya na simu mkononi. Miaka yote nilikuwa nikichora mirija na viazi ubaoni! Sauti ile ikazunguka, baada ya siku chache ikanirudia kutoka kwa mwalimu mwenzangu wa Mkoani ambaye hakujua imetokea wapi. Tangu hapo najua simu ya mama inaweza kumfikia mtoto ambaye darasa langu halimfikii. Haya huniuma nikiyakumbuka.

Skuli zikafunguliwa Juni, na simu ikarudi kuwa kitu cha kunyang'anywa getini. Sishindani na marufuku hayo, nimeona sababu yake. Mwaka mmoja kijana alimpiga picha mwenziwe wa kike darasani, akaandika maneno chini yake, na kabla ya magharibi ilikuwa imeshafika kwa ami zake Unguja. Yule mtoto hakuja skuli wiki tatu, na aliporudi alihama kiti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka visiwani, lakini picha ikishaingia kwenye simu za watu nani ataifuta? Haya binti yako ayasikie kwako wewe, mapema, pamoja na kumwambia kwamba likimkuta aje kwako kabla ya mtu yeyote na hatopigwa. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kunyang'anywa simu, na aliyewatisha anazidi kuwatisha.

Kuna jambo jengine ambalo wazazi hatuliulizi. Skuli nyingi zina chumba cha kompyuta. Chetu kililetwa na wafadhili, kikakaa na kufuli muda mrefu kwa sababu ufunguo ulikuwa wa mtu mmoja na kila mtu aliogopa kulaumiwa kikiharibika kitu. Tulipokifungua, vijana wanaoandika ujumbe kwa gumba haraka kuliko mimi walikuwa wanagusa kioo cha kompyuta kwa kidole wakisubiri kifunguke. Kuandika barua, kuihifadhi na kuitafuta tena lilikuwa jambo jipya kwao. Na Information and Computer Studies ni somo linalotahiniwa form four! Basi kwenye mkutano wa wazazi muulize mwalimu mkuu: chumba kinafunguliwa siku gani, na darasa la mwanangu linaingia mara ngapi? Akiulizwa na wazazi watano kitafunguliwa.

Sasa jibu langu kwako. Usimnunulie simu ya peke yake mwaka huu, na usimfungie pia. Nunueni simu ya nyumba, laini kwa jina lako, ikae ukumbini na ichajiwe hapo hapo, isilale chumbani kwake. Mpe saa yake inayojulikana, na baba yake aikubali saa hiyo mbele ya mtoto. Grupu liwe lenye mwalimu ndani yake. Yale ya wanafunzi watupu niliyoyaona hugeuka vichekesho kabla ya wiki kwisha. TikTok atafungua, usijidanganye. Ila umtafutie vitu vya kusoma vinavyopatikana bure: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, ina ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Hizo ripoti ni hazina na wazazi hawazijui. Zinaonesha vipande vya karatasi halisi, huyu amejibu vizuri, huyu amekosea na kwa nini. Zishusheni mara moja, ziwekeni kwenye memori kadi, na bando likiisha bado mtasoma.

Mimi nilifanya form four kabla ya waya wa umeme wa Tanga kufika Pemba mwaka 2010, wakati wa majenereta ya Wesha na mgao, nikidurusu kwa kandili. Siyasemi haya kumlaumu mtoto wako kuwa anadeka. Nayasema kwa sababu najua ilivyo kutaka kusoma na chombo cha kusomea kiko mkononi mwa mtu mwengine.

Akimaliza saa yake, mwite akueleze alichosoma kwa Kiswahili, hata kama wewe hukusoma sayansi. Akikwama katikati, hapo ndipo pa kurudia kesho.

Zile sauti za Biolojia ninazo bado, za form two mpaka four, pamoja na ya papa na chumvi ambayo mwenyewe na mama yake waliniruhusu kuitoa. Niandikie inboksi nikutumie. Ni nyepesi, hata kwa Bluetooth zinapita.