Usianze na stelingi boksi

Kaka, umesema Hilux yako ya 1992, ile 4x4 inayoshusha ndizi kutoka Marangu hadi Moshi, usukani unacheza karibu upana wa kiganja kabla tairi hazijaitika, na fundi anataka ununue stelingi boksi (boksi la gia linalopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka kwenye tairi). Tafadhali, usitoe hela bado.

Tairi zikiwa zimekanyaga ardhi na injini imezimwa, mtu auchezeshe usukani kushoto na kulia, taratibu. Wewe ingia chini, weka kidole juu ya kila kiungio cha fito za usukani, kiguse vyuma vyote viwili. Kimoja kikitangulia na kingine kikachelewa, tairodi endi hiyo (kiungio cha ncha ya fito inayogeuza tairi) imekwisha. Kidole kitaisikia kabla jicho halijaiona. Kagua pia bolti zinazofunga boksi kwenye chasisi, na chasisi yenyewe hapo kama ina ufa. Gari la mizigo hupasuka hapo.

Kisha zuia tairi za nyuma kwa mawe, piga jeki, weka stendi, tikisa tairi ya mbele juu na chini. Ikicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukipotea ni beringi ya gurudumu, ukibaki tazama beringi za kingipini, yaani egemeo ambalo gurudumu hugeukia wakati wa kukata kona.

Boksi ni la mwisho. Shafti inayoingia ikizunguka huku mkono unaotoka umetulia, hapo fundi ana haki. Ila skrubu ya juu ya boksi, ile ya kupunguza mchezo, asiikaze kupita kiasi, usukani utagoma kurudi baada ya kona.

Ukibadilisha tairodi endi, nenda alaimenti (kupima na kunyoosha mwelekeo wa tairi) siku hiyohiyo.