Chenji ya pipi sio biashara ya kuridhiana

Mhariri habari za kazi. Mmeuliza wiki hii eti duka la chuo likifuata maadili ya Kiislamu mteja anaridhika zaidi au la, mi nawajibu kutoka Ng'ong'ona huku Dodoma, tulikopanga mageto na maduka yanasubiri boom, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, kuliko hata sisi wenyewe. Jibu langu ndio, ila sio kwa sababu ya Bismillah iliyoandikwa juu ya mlango.

Kuna duka moja, jina naliacha, aya zimebandikwa mpaka kwenye friji. Ukinunua kitu cha mia tisa ukatoa buku unapewa pipi, huulizwi, na ukidai mia yako unaangaliwa kama umekuja kuomba. Sasa Qur'an sura ya 4 aya ya 29 inakataza kuliana mali kwa batili isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana, mi hapo nimeridhia saa ngapi? Mia ndogo ndio, ila hesabu foleni yote ya jioni.

Afu kuna mama mmoja kiduka chake hata kibao hakina. Ukinunua chaja anaichomeka kwanza kwenye soketi yake, weka simu tuone kama inaingiza. Mchele wa chini ya gunia ukiwa na chenga anakwambia kabisa, mwanangu huu una chenga, nakupunguzia au subiri wa kesho. Ni ile ile hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) kaingiza mkono kwenye lundo la chakula sokoni akakuta ndani kumelowa, mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua, akaulizwa mbona hukuyaweka juu watu wayaone. Na huyo mama ni Muanglikana jamani, Jumapili mtafute kwaya! Wateja wake wengi tu ni wa msikitini.

Kwenye kukopa ndo kuna mambo. Wanazuoni wengi wanaruhusu bei ya mkopo kuwa juu kuliko ya taslimu, mradi mmekubaliana bei moja kabla hujaondoka na mzigo, na sura ya 2 aya ya 282 inataka deni liandikwe, kwa hiyo daftari la muuza duka sio dharau. Tatizo linaanza boom likichelewa, deni la elfu kumi unalikuta limekuwa kumi na mbili, anakwambia faini. Faini gani, hiyo riba, wakati aya ya 280 inasema aliyebanwa asubiriwe mpaka apate.

Ila na sisi tusijitoe. Mtume kasema mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma, na boom likishaingia we ndo mwenye uwezo, hata kama ni kwa siku nne. Wale wa mwaka wa tatu wanaomaliza UE, mitihani ya chuo, wanapanda basi usiku na daftari la mama limejaa majina yao, hao nao muwaulize swali lenu.