Mtoto wa jicho: ni lazima kusubiri akomae?

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 71. Mwaka juzi alifurahi kuona anasoma Biblia bila miwani, lakini sasa analalamikia ukungu, na jioni taa za bodaboda humtawanyikia machoni. Majirani wanasema ni mtoto wa jicho, na kwamba tusubiri akomae ndipo apasuliwe. Mmoja ametuletea maji ya mizizi ya kumdondoshea. Tufanyeje?
Msomaji, Chamwino

JIBU: Maji hayo yamwageni leo hii. Nyuma ya mboni kuna lenzi angavu ambayo, kadiri umri unavyosogea, protini zake hugandamana na kuzuia mwanga; huyo ndiye mtoto wa jicho, na hakuna dawa ya matone, iwe ya hospitali au ya kienyeji, inayoweza kuirudishia uangavu wake. Mitishamba yaweza hata kuunguza kioo cha mbele cha jicho na kuleta upofu usiotibika. Kule kusoma bila miwani kulitokana, yaelekea, na lenzi hiyo hiyo, ambayo inapoanza kuwa ngumu hupindisha mwanga zaidi, mtu akaona vizuri vya karibu kwa muda tu.

Ushauri wa kusubiri ulikuwa na maana zamani, lenzi ilipotolewa kupitia jeraha kubwa na mgonjwa akabaki na miwani minene. Mwaka 1949, jijini London, daktari Harold Ridley aliweka lenzi bandia ya kwanza, na mambo yakabadilika. Siku hizi hufunguliwa tundu dogo, lenzi iliyofifia ikatolewa na ya bandia ikawekwa, kwa ganzi ya jicho tu, mara nyingi chini ya nusu saa. Anayengoja mno humpa daktari lenzi ngumu zaidi kuitoa, na wakati mwingine lenzi hiyo huvimba na kupandisha presha ya jicho. Kwa maoni yangu, kipimo ni shughuli zake: akishindwa kuchambua mchele au akiogopa kutembea peke yake, wakati umefika.

Kwanza apimwe, kwa kuwa presha ya macho na kisukari nazo hufifisha uoni, na mkoani Dodoma ugonjwa wa vikope (trakoma) bado ni tatizo. Hospitali ya Mvumi, iliyomo wilayani kwenu, ina huduma ya macho. Baada ya upasuaji atatumia matone kwa wiki kadhaa, asifikiche jicho wala kubeba ndoo ya maji. Akipata maumivu makali, wekundu unaoongezeka au uoni kupungua, arudishwe siku hiyo hiyo. Ukungu ukijirudia baada ya miezi au miaka, mara nyingi ni utando unaoshikilia lenzi bandia ndio uliofifia, nao hufunguliwa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache, bila kupasuliwa tena.